Majaribio sifuri, makosa sifuri, hongera sana

Nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa wiki tatu nzima. Wale mliodhani naumwa, sijambo, nashukuru. Wale mliodhani nimepata kazi inayolipa, nawashukuru zaidi kwa imani yenu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu. Mwezi wa pili niliandika habari gazetini, ikatoka na jina langu juu na picha ya watu wanaopeana mikono, na sasa nimejua kwamba jambo kubwa nililolisifu katika habari ile halikuwapo. Hakuna aliyenidanganya. Mashine ilisema ukweli kila siku, kwa maandishi, na hakuna aliyeusoma.

Niwaonye mapema: leo nitaandika kuhusu programu za kompyuta, tena sehemu yake kavu kuliko zote, ile ambayo hata waandaaji wa programu wenyewe hupiga miayo wakiitazama. Vumilieni kidogo. Ndani yake yumo shangazi yangu, na zimo shilingi.

Napanga chumba na sebule Sinza pamoja na rafiki yangu tuliyemaliza naye chuo mwaka mmoja, mimi uandishi wa habari, yeye sayansi ya kompyuta. Mtaani wanamwita Fundi, kwa sababu ya laptopu za majirani anazozifufua bila malipo, na jina limemganda. Fundi ameajiriwa na kampuni ndogo, jina naliacha, inayotengeneza mfumo wa kuendesha vikundi vya kuweka na kukopa. Mwanachama akikopa, mfumo unapiga hesabu ya riba na kumtumia ujumbe wa simu kumweleza anadaiwa kiasi gani na kila mwezi atalipa nini. Kikundi cha shangazi yangu kule Morogoro, wanawake ishirini na wanane, kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kujiunga. Mimi ndiye niliyewakutanisha. Na mimi ndiye niliyeandika ile habari, nikasema mfumo huo "hujikagua wenyewe kila usiku kwa majaribio zaidi ya mia mbili".

Sentensi hiyo nilipewa na mkuu wa kampuni. Aliiamini, nami nikaiamini. Yeye aliambiwa na vijana wake, na vijana wake waliambiwa na kioo cha kompyuta. (Mhariri wangu hakujua kwamba nalala nyumba moja na mmoja wa vijana hao. Hilo ni kosa jingine, nalo ni la kwangu peke yangu.)

Basi mwezi wa tano, Jumapili jioni, simu ikaita. Shikamoo shangazi. Marahaba, halafu kimya. Shangazi yangu si mtu wa kunyamaza kwenye simu, maana vocha ni pesa. Kisha akasema: "Baba, watu wananiita mwizi."

Yeye ni katibu wa kikundi, na anatunza daftari lake mpaka leo, mfumo au hakuna mfumo. Mwanachama mmoja alikopa shilingi 600,000 kwa miezi 6. Kanuni ya kikundi ni riba ya asilimia 3 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, na kila mwezi unarudisha 100,000 ya mtaji. Shangazi akapiga hesabu yake kwa kalamu: mwezi wa kwanza riba 18,000, wa pili 15,000, kisha 12,000, 9,000, 6,000, 3,000. Jumla 63,000. Ujumbe wa simu aliopata mkopaji ukasema riba ni 108,000, yaani 18,000 mara sita, kana kwamba deni halipungui hata ukilipa.

Sasa fikiria mwenyewe. Simu inasema 108,000, daftari la katibu linasema 63,000. Zile 45,000 za katikati zinakwenda mfuko wa nani? Watu walijadili, wakakubaliana kwamba kompyuta haiwezi kukosea hesabu ya darasa la sita, lakini binadamu mwenye kalamu anaweza kuandika kidogo ili ale kinachozidi. Na kuna mtu alikuja kikaoni na kipande cha gazeti. Habari yangu. Akasoma kwa sauti ile sentensi ya majaribio mia mbili. Mwandishi ni mtoto wa kaka yake mtuhumiwa, mnaona ilivyokaa?

Fundi alikuwa jikoni anakaanga mayai. Nikamsimulia. Akazima jiko, akasema, "Haiwezekani. Hesabu hiyo niliiandikia jaribio mimi mwenyewe."

Hapo inabidi nieleze jaribio ni nini kwa wasomaji wangu ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa kodi (ndiyo, wanaita kodi, hivyo hivyo kama ya nyumba). Mwandishi wa programu mwenye adabu haandiki hesabu tu. Pembeni anaandika kiprogramu kidogo cha kuikagua: chukua mkopo wa 600,000, asilimia 3, miezi 6, na kama jibu si 63,000 piga kelele. Kiprogramu hicho hukaa humo daima. Siku mtu mwingine akija kuchokonoa hesabu na kuiharibu bila kujua, jaribio linashindwa, kazi yote inasimama, na kosa halitoki nje ya ofisi. Fundi aliandika la kwake mwaka jana. Mwezi wa tatu mwaka huu mwenzake alipewa kazi ya kuongeza aina mpya ya mkopo, akagusa hesabu ya zamani, akaiharibu. Mambo ya kawaida. Ndiyo maana majaribio yapo.

Fundi akafungua laptopu, akaendesha jaribio lake ndani ya IntelliJ, ile programu wanayoandikia kodi. Nyekundu. Limeshindwa, sawasawa kama lilivyotakiwa kushindwa tangu mwezi wa tatu. Akafungua dirisha jeusi la amri, akaendesha mradi mzima kama inavyoendeshwa kila usiku kwenye seva ya ofisi. Kijani. BUILD SUCCESS. Kodi ile ile, kompyuta ile ile, dakika ile ile, upande mmoja nyekundu na upande wa pili kijani. Nilimwona rafiki yangu akibadilika uso.

Tukapandisha maandishi juu taratibu. Na pale, katikati ya mistari mia na kitu ambayo hakuna anayeisoma, palikuwa pameandikwa: Tests run: 0, Failures: 0, Errors: 0. Majaribio yaliyoendeshwa: sifuri. Yaliyoshindwa: sifuri. Makosa: sifuri. Kisha hongera.

Mayai yaliungua, kama mnataka kujua.

Tulikesha mpaka saa tisa usiku, na nilichojifunza usiku ule ndicho kilichonifanya niandike. Programu ya siku hizi haijengwi na mtu kwa mkono. Mwandishi akimaliza kuandika, kuna zana inayochukua maandishi yale, inayatafsiri yaeleweke na mashine, inayapima, inayafunga kifurushi, inayapeleka yanakokwenda. Kwenye lugha ya Java zana kongwe na maarufu inaitwa Maven, ya shirika la Apache. Toleo lake la pili, lililoweka mtindo unaotumika mpaka leo, lilitoka mwezi Oktoba 2005. Cha ajabu ni kwamba Maven yenyewe karibu haifanyi kitu. Ni kama mhariri wa zamu usiku gazetini. Anajua mpangilio tu: kwanza hiki, kisha kile, kisha kile. Kazi yenyewe hufanywa na vibarua, na vibarua hao ndio programu-jalizi, wenyewe huziita plagini. Moja inatafsiri kodi. Moja inaendesha majaribio, jina lake Surefire. Moja inafunga kifurushi. Kila moja ina matoleo yake, mapya na ya kale, na tabia zake.

Na falsafa ya Maven ni kwamba usipoipa maelekezo, inaamua yenyewe kwa mazoea. Ni falsafa nzuri, imeokoa watu muda mwingi sana. Usipotaja unataka Surefire toleo gani, itakuchagulia. Maven aliyokuwa nayo Fundi, toleo 3.6.3, lile lililo kwenye seva ya ofisi pia, usipoipangia huchagua Surefire 2.12.4. Toleo hilo ni la mwaka 2012. Majaribio ya Fundi na wenzake yalikuwa yameandikwa kwa JUnit 5, mtindo mpya uliotoka mwaka 2017. Surefire imeujua mtindo huo rasmi kuanzia toleo 2.22.0, la mwaka 2018.

Turudi gazetini maana huko ndiko ninakokujua. Mnaye msahihishaji, mzee wa miaka mingi, makini, hajawahi kukosa zamu. Usiku mmoja mnaanza kuchapa kurasa zenu kwa Kireno. Mzee hasomi Kireno. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba asipoelewa aseme. Anapokea ukurasa, anautazama juu mpaka chini, haoni neno lolote analolijua, kwa hiyo haoni neno lililokosewa. Anaandika pembeni: makosa sifuri. Anatia saini. Mtambo unawaka. Mzee hakudanganya! Aliulizwa umeona makosa mangapi, akasema sikuona. Hakuna aliyemuuliza umesoma maneno mangapi.

Ndivyo Surefire ile ya 2012 ilivyofanya kila usiku kwa miezi mitano, tangu Desemba, wiki kampuni ilipohamia kwenye mtindo mpya wa majaribio. Kabla ya hapo ilikuwa inayasoma yote vizuri tu. Kwa hiyo hakuna siku kitu kilivunjika. Kuna siku tu namba ilishuka kutoka mia mbili na kitu hadi sifuri, na rangi ikabaki ile ile.

Fundi aliniambia jambo jingine lililonikera zaidi. Ukiitaja programu-jalizi ndani ya faili la usanidi, lile linaloitwa pom.xml, bila kuandika toleo lake, Maven itakulalamikia kwa mistari ya njano. Lakini usipoitaja kabisa, hakuna lalamiko. Mwenye kuandika nusu anaonywa, asiyeandika chochote anapita salama. Na wao hawakuandika chochote kwa sababu waliamini wameshaandikiwa. Walikuwa wanatumia Spring Boot, ambayo ukiifanya mzazi wa mradi wako inakuja na matoleo ya programu-jalizi yaliyokwisha kupangwa, Surefire ikiwemo. Ila kampuni yao ina mzazi wake, na mradi hauwezi kuwa na wazazi wawili, basi Spring Boot wakaiingiza kwa mlango wa pembeni, kama orodha ya maktaba tu. Mlango huo unaleta matoleo ya maktaba. Matoleo ya programu-jalizi hauleti. Tofauti hiyo imeelezwa kwenye nyaraka, na nina hakika mtu fulani ofisini kwao aliisoma siku moja akiwa amechoka.

Sasa niseme ninachotaka kusema.

Tumelea kizazi cha wataalamu, na mimi ni wa kizazi hicho hicho kwa upande wa kalamu, wanaoona faili la usanidi kama karatasi za ofisini. Kodi ndiyo kazi, pom ni urasimu. Kodi inapitiwa na watu wawili kabla haijapokelewa, watu wanabishana mpaka kuhusu jina la kigezo kimoja, lakini pom inanakiliwa kutoka mradi wa mwaka juzi, inabadilishwa jina, inasonga mbele. Inanikumbusha barua zetu za kuomba kazi mwaka tuliomaliza chuo. Mnakumbuka? Mmoja aliandika vizuri, wote tukanakili, na kuna mwenzetu alipeleka benki barua inayoeleza shauku yake ya muda mrefu ya kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Nusu ya pom za nchi hii, kwa maelezo ya Fundi, zina saruji ndani yake.

Mimi nasema karatasi hizo ndizo zenye madaraka. Kodi ya riba iliandikwa na kijana mmoja na ingeweza kukosewa, na kweli ilikosewa. Jaribio liliandikwa na kijana mwingine na lilikuwa sahihi. Lakini aliyeamua kwamba jaribio lisiulizwe ni mstari ambao haukuandikwa kwenye faili ambalo halisomwi. Ukitaka kujua ofisi inaendeshwaje usisome tu katiba yake, msome na yule anayeshika funguo.

Kama mnadhani naongeza chumvi kwa sababu ya shangazi, kumbukeni kisa cha xz. Mwezi Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia kwenye seva yake kwa SSH kunachelewa kwa kiasi cha nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde! Wengine tungelaumu mtandao, tukaendelea na chai. Yeye akafuatilia, akagundua kwamba maktaba ya kubana mafaili inayotumika kwenye kompyuta nyingi za Linux duniani, matoleo yake 5.6.0 na 5.6.1, ilikuwa imetiwa mlango wa siri. Aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia miaka zaidi ya miwili kujenga urafiki na kuaminiwa katika mradi ule. Na mlango wenyewe aliuweka wapi? Kodi ya kawaida, ile inayotazamwa na watu, ungeisoma usingeuona. Alichomeka mstari kwenye hati ya ujenzi iliyokuwemo ndani ya kifurushi cha kupakua tu, nayo wakati wa kujenga ikawa inafukua sumu iliyofichwa ndani ya mafaili ya majaribio. Mwizi alijua kitu ambacho sisi tulikuwa hatujakijua: kwamba macho yote yako sebuleni na jikoni hakuna mtu.

Kisa cha Fundi hakina mwizi, na ndiyo maana nakiona kibaya zaidi kwa namna yake. Hakuna wa kumkamata.

Kuna ubishi, na Fundi mwenyewe ndiye mbishi wangu mkubwa maana anaipenda Maven kuliko mimi ninavyolipenda gazeti langu. Anasema tatizo limekwisha. Maven kuanzia 3.9.0, ya mwaka 2023, inachagua yenyewe matoleo mapya ya programu-jalizi, na ukiendesha mradi ule ule kwa Maven hiyo majaribio yote yanasomwa. Tulijaribu, ni kweli. Lakini nikamwambia, kaka, hebu sikiliza ulichosema. Mradi ule ule, kodi ile ile, kijana mwenye laptopu mpya anapata majaribio mia mbili na zaidi, seva ya ofisi yenye Maven ya zamani inapata sifuri, na zote mbili zinaandika hongera. Hilo ndilo unaloliita kwisha? Mimi naona limehama nyumba tu. Maadamu toleo hujaliandika mwenyewe, mradi wako una maana moja kwako na maana nyingine kwa jirani.

Akasema tena, ukiandika toleo utabaki nalo milele, litazeeka, na uzee wa programu ni hatari. Hapo ana hoja. Toleo lililoandikwa na kusahauliwa ni ugonjwa pia. Ila toleo lililoandikwa linaonekana. Unaweza kuliuliza, ipo hata programu-jalizi ya kazi hiyo, ukiiamrisha inakuonyesha zipi kati ya ulizonazo zimepitwa na wakati. Lisiloandikwa linazeeka pia, kama tulivyoona na ya 2012, tena gizani.

Kelele ndiyo ninayoitaka. Mwaka 2020, tarehe 15 Januari, ghala kuu la maktaba za Maven lilikataa kuhudumia tena anwani za HTTP isiyo salama. Miradi mingi ya zamani, iliyokuwa na anwani hizo kwenye usanidi wake, ikagoma kujengwa, ikapewa kosa namba 501 usoni. Watu walitukana. Lakini kila aliyeguswa alijua siku hiyo hiyo, akarekebisha herufi moja, maisha yakaendelea. Huo ni usanidi mbovu wenye heshima. Wenzao wa Gradle, zana nyingine ya kujengea ambayo wengi wanaotengeneza programu za simu za Android wanaijua, walikuwa na maradhi yale yale: usipoandika kwamba unatumia mtindo wa JUnit 5, majaribio hayasomwi na kazi inapita kimya. Katika toleo la 9, la mwaka 2025, wameamua kwamba ukiwa na mafaili ya majaribio halafu lisionekane jaribio hata moja, ujenzi unagoma. Nawapongeza. Surefire nayo ina kitufe cha namna hiyo, kinaitwa failIfNoTests, kipo tangu zamani sana, hata kwenye ile ya 2012. Ila kimezimwa mpaka ukiwashe. Miezi mitano ya shangazi yangu ilikuwa ndani ya kitufe kimoja.

Nilimuuliza Fundi, chuoni mlifundishwa hivi? Akacheka. Walifundishwa nadharia ya makusanyo, walichora michoro ya mifumo kwenye karatasi kubwa, walifanya mtihani wa kuandika Java kwa kalamu. Zana ya kujengea ilitajwa katika kipindi kimoja, mwalimu akagawa pom iliyo tayari akasema tumieni hii. Simlaumu mwalimu, darasa lilikuwa na watu mia na themanini na umeme unakatika. Lakini nami sikufundishwa kusoma bajeti, nilifundishwa kuandika habari ya mkutano wa bajeti, na sasa naona tunafanana zaidi ya nilivyofikiri.

Maana mwisho wa yote aliyeandika "majaribio zaidi ya mia mbili" gazetini ni mimi. Sikuomba kuonyeshwa. Ningesema tu, hebu nionyeni ya jana usiku, wangeifungua kwa furaha, na namba ingekuwa pale pale kwenye kioo, sifuri, mbele ya mkuu wa kampuni na mpiga picha. Mwandishi wa habari za michezo hawezi kuripoti ushindi bila kutaja magoli. Sisi wa habari za teknolojia tunaripoti ushindi kila wiki, magoli hatuyajui.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari michache. Fundi alitaja Surefire kwa jina, akaandika toleo, 3.2.5, akawasha kile kitufe. Akaongeza programu-jalizi nyingine iitwayo Enforcer, ambayo ukiipa kanuni inakataa kujenga mradi wenye programu-jalizi isiyotajwa toleo au unaojengwa na Maven ya zamani mno. Akaniita nitazame. Akaandika amri inayoonyesha usanidi kamili, yaani pom baada ya urithi wote kuunganishwa, help:effective-pom, mistari mamia, akaipitia kwa kidole kama mtu anayesoma hati ya kiwanja. Kisha akaendesha. Majaribio 214. Yaliyoshindwa 9. Moja lilikuwa lile la riba. Mengine manane yalikuwa makosa ambayo hakuna mwanachama aliyewahi kuyalalamikia, labda kwa sababu hakuna mwenye daftari kama la shangazi.

Jumatatu asubuhi Fundi alikwenda kazini na karatasi moja, akaeleza. Nasikia kikao kilikuwa kirefu. Kuna aliyependekeza wasiseme kitu, warekebishe tu. Mkuu wa kampuni, na hili namsifia, alikataa. Vikundi vyote viliandikiwa, hesabu zikarudiwa, waliokwisha kulipa zaidi wakarudishiwa.

Nami nilimwambia mhariri wangu kila kitu, pamoja na habari ya chumba na sebule. Sitaandika alichosema. Marekebisho yalitoka Jumamosi, aya tatu, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mabati. Nilikata kipande nikampelekea shangazi Morogoro mwenyewe kwa basi. Alikisoma mara mbili, akakiweka ndani ya daftari, akanipa ndizi na kuku. Kikundi kimemwomba radhi na amerudishiwa ukatibu wake. Wanawake wawili waliosimama kumwita mwizi hawajarudi kikaoni mpaka leo, na mmoja wao ni jirani yake, wanachota maji bomba moja.